Mguu Uliosamehewa

Yaani mtu umeshakubali kukatwa mguu, umeuaga kabisa, halafu asubuhi yenyewe daktari anakuja anatabasamu, anakwambia utabaki nao. Wewe ungefurahi? Gia hakufurahi. Gia alinusa kitu.

Gia ni dereva wa lori, na uvimbe wake ulikaa kwenye paja la kushoto, mguu wa klachi. Ulianza kama kijiwe kisichouma, ukanenepa mpaka suruali zikagoma kupanda. Saratani ya misuli, wakamwambia, na huenda mguu wote ukaenda. Alibisha, akanuna, mwishowe akasema nusu shari kuliko shari kamili, chukueni. Wakampiga mionzi kwanza, wakampiga picha nyingine, na leo ndiyo hii: hakatwi.

Wodi nzima ikampongeza. Mdogo wake akashika simu, akawatangazia ndugu wote. Gia anawasoma nyuso mmoja mmoja, kwa sababu yeye ni mtu wa gereji. Fundi akikwambia injini ishushwe, hapo kuna matumaini. Akikwambia "liache tu hivyo hivyo, endesha taratibu," ujue gari hilo linakwenda kuwa chuma chakavu. Nani anahangaika kushusha injini ya gari la skrepa?

Na dalili zikajipanga zenyewe. Mkewe, mwanamke anayeongea hata usingizini, leo anakunja shuka lile lile, analikunjua, anakunja tena. Mdogo wake alitoka na daktari, akarudi macho mekundu, eti vumbi. Vumbi gani kwenye korido inayopigwa deki kutwa nzima?

Gia akatega mtego. Akamwambia mdogo wake wapange safari ya kwanza ya lori, waende wote wawili, Gia mwenyewe ndiye ataendesha.

Dogo akageukia dirishani. "Tutaona, kaka."

Tutaona. Basi kwisha habari yangu, Gia akajisemea, hapa nimeshapigwa bei ya skrepa. Akataka daktari aitwe.

"Daktari, nikate."

"Hakuna haja, mzee."

"Nikate. Asiyekatwa ndiye mliyemkatia tamaa. Mimi si mtoto."

Daktari akavuta kiti. Akaeleza kwamba zamani kwa uvimbe wa namna hii mguu ulikuwa unakwenda tu, lakini siku hizi wanatoa uvimbe pamoja na nyama nzima inayouzunguka, na mionzi inasaidia kumaliza mabaki. Mguu unakatwa pale uvimbe ukishakumbatia vitu vingi mno, ukiutoa unabaki na mguu usio na kazi. Wake ulionekana hivyo kwenye picha ya kwanza, ila sasa umesinyaa, umeachia mshipa mkubwa wa damu. Kukata hakutamwongezea maisha. Uvimbe ukirudi, ndiyo, huenda wakakata, hilo hakulificha.

Gia alimsikiliza kama anavyomsikiliza dalali wa magari. "Maneno matamu hayo. Mbona hawa wanalia?"

Mkewe akaweka shuka chini.

"Kuna mshipa wa fahamu nyuma ya paja," akasema. "Huo umeshikana na uvimbe, wataondoka nao. Unyayo utalegea. Utatembea, baba watoto, lakini klachi ya lori hutaiweza tena. Tulikubaliana tukufiche mpaka upone."

"Rudia."

Akarudia, polepole, na Gia hakuyaachia macho yake hata kidogo. Kisha akamtazama daktari, na daktari akaitikia kwa kichwa.

Sasa ona maajabu: mtu kaambiwa kazi yake imekwisha, na mabega yake yakashuka, akapumua. Kwa sababu anayekuuzia gari bovu hakuonyeshi kutu.

"Haya, toeni huo uvimbe," akasema. Akamgeukia mdogo wake. "Wewe, lori linavuta kushoto ukifunga breki. Usije ukasingizia barabara."

Dogo akajifuta macho, safari hii bila kutaja vumbi.

"Na nyie wawili mkinificha kitu tena, nawafuata na unyayo wangu huo huo uliolegea."