Kiti cha Wimbo wa Tatu

Fundi Saa alikuwa na deki tatu za CD sebuleni na hakuna hata moja iliyomfurahisha. Ya kwanza ilikuwa ya zamani, nzito, aliyokuwa nayo tangu alipooa. Ya pili aliinunua kwa sababu ilisifiwa kuwa na sauti safi, na kweli ilikuwa safi, tena safi kupita kiasi, hata mtu akajiuliza kama waimbaji walioga kwanza kabla ya kurekodi. Ya tatu ilikuwa nyembamba, ina kijitaa cha buluu, na mlango wake ulifunguka kwa maringo. Hiyo ndiyo aliyoitumainia kuliko zote.

Kila Jumapili mchana, baada ya kula, alikaa kwenye kiti chake, akaweka CD ileile, wimbo uleule wa tatu. Akasikiliza. Akahamisha waya kwenda deki nyingine, akasikiliza tena. Kisha akageukia kiti cha pili aseme, "Umesikia hapo?" Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Kilikuwa kitupu kwa miaka miwili sasa, lakini shingo yake haikutaka kujifunza.

"Hivi unatafuta nini humo?" mke wake alimuuliza siku moja, akipangusa vumbi juu ya deki kwa kitambaa. "Sebule imegeuka duka."

"Natafuta sauti."

"Ya nani?"

Fundi Saa akajifanya anasafisha CD.

Alimkumbuka shemeji yake. Huo ndio ukweli wenyewe, na kama angekuwa mtu wa kawaida angeusema, akavaa viatu, akaenda. Lakini yeye alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni. Kiti kile kilikuwa cha Seremala, kaka mkubwa wa mke wake, na kwa miaka kumi na minane kila Jumapili Seremala aliingia mlangoni na deki yake kwapani, imefungwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Walikuwa wanalinganisha. Deki yako, deki yangu, amplifaya ileile, spika zilezile, wimbo wa tatu.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa mwanamke mmoja na gitaa moja, basi. Katikati, mwimbaji anaponyamaza kuvuta pumzi, nyuma yake kuna kiti kinachotoa mlio mdogo. Mpiga gitaa aliegemea, kiti kikalia, na aliyekuwa akirekodi hakujali. Watu wengine wangeusikiliza wimbo huo maisha yao yote bila kukijua kiti. Kwa mashemeji hawa wawili, kiti ndicho kilikuwa mtihani.

"Deki isiyotoa kiti ni kopo," Fundi Saa alisema kila wiki.

"Shemeji, mwanamke anakuimbia na wewe unasikiliza kiti? Dada yangu ana kazi."

"Yako inavuma tu. Imejaa tope."

"Yangu ina nyama! Sikiliza hilo gitaa, linashika tumbo. Yako imekonda, inasikitisha, ingefaa kupelekwa hospitali." Kisha Seremala alifumba macho, kiti kikalia, akainua kidole. "Mguu wa nyuma, wa kushoto. Gundi imekauka. Nipeni nusu saa na hicho kiti na hamtakisikia tena."

"Usikiguse! Nitalinganisha na nini?"

Walicheka mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyewahi kukubali kwamba deki ya mwenzake ni bora, hata mara moja, hata kwa heshima ya ukubwa au ya siku ya kuzaliwa.

Kisha ikaja Jumapili ile ya shuka. Nyumba ilijaa ndugu na majirani, na Fundi Saa akapata akili ambayo mpaka leo anaijutia. Alizifunika deki zote mbili kwa shuka, akasema leo mtu atasikiliza bila kuona. Akapiga wimbo. Akaingiza mkono chini ya shuka, akajifanya anahamisha waya, akapiga tena.

"Ya kwanza yako, kavu hiyo," Seremala alisema bila kusita, huku watu wote wakimtazama. "Ya pili yangu. Jamani, si mnasikia wenyewe gitaa lilivyojaa?"

Fundi Saa akavuta shuka. Deki iliyopigwa mara zote mbili ilikuwa yake. Ya Seremala haikuwa hata na umeme. Plagi ilikuwa sakafuni. Watu walivunjika mbavu. Jirani mmoja alicheka mpaka akamwaga soda. Seremala naye alitabasamu, lakini midomo tu. Aliifunga deki yake kwenye taulo, akasahau waya mmoja nje, akatoka nao ukiburuzika. Hakurudi.

Wiki ya kwanza Fundi Saa alisema, atazoea. Mwezi wa kwanza akasema, mwache avimbe. Alipiga simu mara mbili, haikupokewa. Mke wake alipokwenda kumwona kaka yake, alirudi ameduwaa: "Siku hizi haongei. Namweleza habari, anatikisa kichwa tu. Hata nikimuuliza swali anatikisa kichwa." Wote wawili wakakubaliana kwamba mzee amenuna. Fundi Saa akaongeza kwamba kununa gani huko kusikokwisha, na Jumapili iliyofuata akanunua deki ya pili. Alitaka kuwa na jibu tayari, siku shemeji atakaporudi.

Jumamosi moja aliiweka ile deki nyembamba kwenye begi, pamoja na CD yake, akaenda kuilinganisha na deki ya nne katika duka la vifaa vilivyotumika. Mwenye duka aliitwa Kipaza, kwa sababu alizungumza na mteja mmoja kwa sauti ya kutosha wateja ishirini. Kipaza alikuwa katikati ya kusifia mashine yake Fundi Saa alipoinua macho kwenye rafu ya juu.

Deki ilikuwa pale, bila taulo. Miguu yake mitatu ilikuwa ya mpira, na wa nne ulikuwa wa mti mweusi, umechongwa na kung'arishwa kwa mapenzi hata ile mitatu ikaonekana mayatima. Fundi Saa alikuwepo siku mguu huo ulipochongwa. Alikuwa ameshika tochi.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kaileta mwenyewe! Seremala, mtu mzima. Namuuliza ina tatizo gani, kimya. Namuuliza tena, akaitazama, akaniambia, 'Haina tatizo lolote.' Akaondoka. Hakusubiri hata niijaribu!"

Kununa alikuwa anakuelewa. Mtu akikununia bado anakuwaza, tena pengine kuliko anayekuchekea. Lakini kuuza deki? Fundi Saa aliona kwamba aliyeuza deki hana nia ya kurudi. Aliinunua bila kuomba kupunguziwa, Kipaza akashangaa mpaka akashusha sauti. Akaibeba kwapani, begi begani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye karakana ya shemeji yake. Alikuwa amekwishapanga maneno. Yalikuwa makali.

Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Seremala alikuwa ameupa mlango mgongo, anapiga msasa droo.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi, shemeji!"

Msasa uliendelea. Fundi Saa alisonga mbele kwa hasira, begi likanasa kwenye ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani, ubao ukaanguka juu ya bati kwa kishindo. Paka aliyekuwa amelala kwenye maranda aliruka akatoweka. Jirani wa ng'ambo akachungulia dirishani. Seremala aliupuliza ukingo wa droo, akaupapasa kwa kidole, akaendelea.

Kazi ya Fundi Saa ilikuwa kusikia. Mtu akimletea saa, aliiweka sikioni kabla hata ya kuifungua, akajua gurudumu lipi linasuasua. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimama pale na deki kwapani, na miaka miwili ikarudi kwa mpigo: simu zisizopokewa, kichwa kinachotikiswa kwa kila swali, na Jumapili ya shuka. Siku ile tayari masikio yalikuwa yanakwenda. Shemeji yake alikuwa anaukisia wimbo kwa kumbukumbu, anaisifu deki yake kama alivyoisikia zamani, na yeye akavuta shuka mbele za watu.

Alizunguka taratibu mpaka akasimama mbele ya meza. Seremala akainua macho. Akamwona yeye, kisha akaiona deki.

"Nani kakuambia uilete?" alisema, kwa sauti kubwa kuliko chumba.

"Tangu lini?" Fundi Saa aliuliza.

"Nitazame ukiongea. Na usipige kelele, kelele hazinisaidii." Seremala aliweka msasa chini. "Ilianza kidogo kidogo. Msumeno wa mashine na randa, miaka thelathini, unategemea nini? Kwanza kiliondoka kiti. Halafu mwanamke. Gitaa ndilo lililobaki nyuma, nalo likaondoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Ulinicheka nikiwa na masikio."

Maneno makali ya Fundi Saa hayakuwepo tena. "Nisamehe," alisema, lakini aliiambia sakafu, na Seremala akauliza, "Unasema?" Ikabidi ainue uso, amtazame mwenzake machoni, aseme upya, polepole, neno zima. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

Seremala akapangusa mikono kwenye suruali. "Njoo ndani. Uunganishe."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana. Spika alizozitengeneza mwenyewe zilikuwa bado zimesimama ukutani, na juu ya amplifaya kulikuwa na mraba usio na vumbi, pale deki ilipokaa. Fundi Saa aliirudisha mahali pake. Aliitoa ile nyembamba kwenye begi, akaiweka kando. Seremala alisogeza kigoda, akabandika viganja viwili kwenye mbao za spika, akafumba macho.

Wimbo wa tatu, deki nyembamba. Kisha, bila shuka, waya ukahamishwa huku Seremala amefumbua jicho moja kuhakikisha, na wimbo wa tatu, deki yenye mguu wa mti.

"Haya," Seremala alisema. "Ipi bora?"

Fundi Saa alimtazama. Aliona mvi zilizoongezeka, aliona viganja vile vikubwa vimetulia juu ya mbao, vikisubiri. Akamwonea huruma mpaka ikamuuma.

"Yako," alisema.

Seremala aliondoa mikono kwenye spika.

"Kumbe nimefika huko," alisema. "Miaka kumi na minane hujawahi kulitamka neno hilo. Leo unanivika kilemba cha ukoka. Nilijua. Ndiyo maana nikaiuza, shemeji. Sikutaka kuiona siku utakayoniambia hivyo." Akainuka. "Nenda nayo. Msalimie dada."

Hapo Fundi Saa akaogopa kweli. Aliona kwamba anampoteza mara ya pili, na safari hii kwa wema. Alirudi kwenye deki, akarudisha wimbo mwanzo, akaongeza sauti, akasikiliza kama anavyosikiliza saa ya mteja mkorofi. Alipomaliza akamshika Seremala bega, akamgeuza.

"Inavuma," alisema. "Ilikuwa inavuma tangu zamani na bado inavuma. Besi imejaa tope. Kiti hakisikiki."

Seremala akakaza macho kwenye midomo yake. "Hakisikiki kabisa?"

"Kwa mbali. Kama kiko chumba cha pili."

"Huo waya! Umefunga waya wa ovyo!"

"Waya ni wako."

"Basi hukuusukuma mpaka ndani. Umezoea vijisaa vidogo vidogo, mikono yako haina nguvu. Na hicho chako chenye taa ya harusi, kiti kinalia?"

"Kinalia vizuri sana. Mguu wa nyuma."

"Wa kushoto," Seremala alisema, na sauti yake ikakatika. Alikaa tena kwenye kigoda. Machozi yalimtoka akayaacha, na Fundi Saa naye hakuwa katika hali ya kumcheka mtu. Walikaa hivyo mpaka CD ikafika mwisho na kusimama yenyewe, na ni mmoja wao tu aliyejua kwamba imesimama.

Jumapili, mke wa Fundi Saa alifungua mlango, akamkuta kaka yake amesimama kizingitini na taulo kwapani. Alimpokea, akaenda jikoni kuongeza chakula, akakaa huko zaidi kuliko chakula kilivyohitaji.

Baada ya kula, walihamisha kiti cha pili. Kilikuwa kinatazama spika. Sasa kikageuzwa kidogo, ili mwenye kukikalia aweze kugusa spika na kuona uso wa mwenzake. Wimbo wa tatu ukaanza. Mwanamke akaimba, akanyamaza, akavuta pumzi, na kiti kikalia.

"Umesikia hapo?" Fundi Saa aliuliza, akitazama deki. Kisha akakumbuka. Akaugeuza uso wake mpaka ukaonekana wote, akauliza tena.

Seremala alikuwa na kiganja juu ya spika.

"Sijasikia kitu," alijibu. "Lakini nakukatalia."