Kobe Akipuliza Vumbi

Mwenda pole hajikwai, wanatuambia. Rafiki yangu alikwenda pole hata kikosi kizima kikamwita Kobe, akajikwaa mara moja tu, na kwa kazi yake mara moja inatosha. Alikuwa mtegua mabomu ya ardhini. Mimi nilikuwa dereva wa lori lililomfuata nyuma.

Siku hizi nachora mabango ya saluni na maduka ya dawa, na sura za watu. Wazazi wake Kobe waliniagiza picha ya kutundika sebuleni, maana hawakuwa na hata moja ya ukubwani. Watoto wote watakaozaliwa nyumba ile watamjua kwa picha hiyo. Baba yake alitaka gwanda lililonyooshwa pasi, bunduki kifuani na uso wa simba.

Nilipoifunua, mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti, mwanangu yuko wapi?"

"Huyo hapo, baba."

"Huyu aliyelala kifudifudi kama mjusi? Bunduki yake iko wapi?"

"Aliiacha kwenye lori langu. Ilimzuia kuinama."

"Na viatu je?" shangazi yake Kobe akadakia kutoka kwenye kochi. "Watu watasema jeshi lilimpeleka vitani pekupeku."

"Alivua mwenyewe, shangazi. Alisema buti ni kiziwi."

Wakacheka kidogo, mzee hakucheka. Basi nikawasimulia njia ya kwenda darajani, tulikopaswa kuwavusha majeruhi. Kobe alilala juu ya ardhi iliyotegwa mabomu, akichomeka chuma chembamba kama sindano ya magunia, taratibu, akisikiliza kwa vidole. Kikigusa kitu, aliweka chuma kando, akapuliza vumbi kama anayepoza maziwa ya mtoto. Nyuma yake hakuna aliyekohoa. Kamanda wetu, ambaye sauti yake ingepasua kuni, alisimama kavua kofia bila kujua kwamba kaivua. Nami nilishika usukani, nikaona jinsi mtu mmoja anavyoweza kuibembeleza mauti ilale.

Njia ilikuwa imebaki upana wa mkeka bomu la mwisho lilipomchukua. Mwenzake akaimalizia. Nikapita na lori limejaa majeruhi, juu ya alama za magoti yake, na hakuna hata mmoja aliyedhurika.

Mama yake alinyanyuka, akaisogelea picha mpaka pumzi yake ikagusa rangi. Midomo yake ikajikunja kama ile niliyoichora.

"Hivi ndivyo alivyonipuliza jicho," akasema, "nikiingiwa na moshi jikoni."

Mzee akanigeukia.

"Wageni wataingia humu waniulize shujaa yuko wapi. Ichore upya, binti. Na uniombe radhi kwa kumlaza mwanangu mavumbini."

"Kuchora upya sichori, baba. Na radhi siombi."