Picha Iliyoishia Kwenye Mshipi

Joyline alifika Migori mjini asubuhi, akavua viatu mlangoni kama ofisi ya barua pepe ilivyotaka, akaketi kando ya Sheila, msichana wa kompyuta. Ulikuwa mwaka wa 1998, na mtandao ulipitia laini ya simu iliyotumiwa pamoja na duka la dawa la jirani. Jirani akipiga simu, kila kitu kilikatika.

Mumewe, Wesley Omanga, alikuwa Uswidi akisomea mambo ya udongo. Kiwanja cha dala, yaani boma lao jipya, huko Uriri kilikuwa kimeshafyekwa, lakini mke hafungui dala peke yake. Mume sharti atangulie kuingia kwa miguu yake, na Wesley hakuwa na likizo. Wazee walibishana mpaka sauti zikawakauka, wakakubaliana kwamba picha itatosha, mradi miguu ionekane. Mpaka hapo Joyline angeendelea kupika katika jiko la mama mkwe na kuomba ruhusa ya kuchinja kuku aliyemfuga mwenyewe. Alikuwa amechoka, tena sana.

Sheila akafungua picha iliyoambatanishwa. Ilishuka polepole: nywele, macho, tai, mshipi. Hapo ikakwama. Chini yote ilikuwa kijivu.

"Imekatikia njiani, mama," Sheila akasema. "Tumwambie atume ingine, apunguze saizi."

Wesley akatuma nyingine. Sheila akaihifadhi kwenye diski, akaijaribu kwa programu tofauti, akaenda kumsihi mwenye duka la dawa asiguse simu. Ikaishia kwenye mshipi. Ilipotumwa mara ya tatu, Wesley alitoka kwenye skrini hadi kiunoni, akaegemea meza. Sheila akasogeza kibodi kumpa nafasi.

"Hiyo tu ndio imefunguka," akasema, akamsaidia Joyline kumfunga kwa leso.

Joyline akampeleka Uriri kwa baiskeli ya boda boda, amempakata mapajani. Wesley alikuwa na joto lake la kawaida na harufu ya sabuni ngeni. Aliitikia salamu za watu njiani, zaidi ya hapo hakusema kitu.

Baba mkwe, Mzee Omanga, alimtazama mwanawe mbele na nyuma.

"Nyathina, mtoto wangu, huyu ni Wesley, sikatai. Lakini ataingia dala kwa tumbo? Tafuta miguu kwanza." Alisema hayo huku akiangalia pembeni.

Sheila alikuwa amesikia kwamba Homa Bay kuna kompyuta mpya isiyosumbua na picha. Joyline akaenda huko. Mhudumu wa pale, Ratemo, alikuwa akila ndizi.

"Picha ya Omanga? Hapa ilikataa juu, kijivu tupu. Miguu ilifunguka poa. Ikashuka, ikaenda na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Bibi yake. Liz wa Rangwe."

Joyline alikuwa hajawahi kulisikia jina hilo. Wivu ulimpanda, akageuka bila kushukuru. Akashika njia ya Rangwe.

Alikuta dala mpya, lango limesimamishwa, mabati yanawaka jua. Miguu ya Wesley ilikuwa imekaa kwenye kiti kando ya mlango. Ilivaa suruali ambayo Joyline mwenyewe aliikunja pindo kwa sindano wiki ya safari, na viatu vilivyong'arishwa na mkono mwingine. Alitamani kuvivua na kuvitupa chooni.

"Karibu, nyieka," Liz akasema, akimwita mke mwenza pasipo kusita. Akaandaa chai. "Sikujua hukuambiwa. Mzee Omanga alikuwa hapa siku ya kufungua dala. Alikula jogoo."

Joyline akapuliza chai yake, ingawa ilikuwa imepoa.

"Kichwa kiko kwako?" Liz akauliza.

"Kiko."

"Kinaongea?"

Liz aliendelea kumimina hata kikombe kikafurika. Joyline akauona wivu, ule ule wake, umekaa katika uso wa mwanamke mwingine.

"Hakinyamazi," akadanganya. "Mpaka nakiambia kipumzike."

Liz akaweka birika chini asimimine tena. Joyline alifurahi kidogo, mpaka miguu ilipopandana mmoja juu ya mwingine, kama Wesley alivyozoea kukaa akishiba.

Aliporudi Uriri alimkuta mzee akinoa jembe.

"Miguu imeshaingia," mzee akasema kabla hajaulizwa. "Dala imefunguliwa, na mtu hafungui mbili. Ukitaka nyumba, utajengewa Rangwe, nyuma ya nyumba ya Liz."

"Mimi ndiye wa kwanza, baba."

"Najua, nyathina."

Akaendelea kunoa.

Joyline hakuhamia Rangwe. Wesley alikaa juu ya kabati katika nyumba ya mama mkwe, na wageni walimsalimu kabla ya kusalimia wengine. Hakuwa msumbufu. Ila jioni, saa ambayo watu huoga, uso wake ulilegea, macho yakasinzia, akatabasamu peke yake. Joyline alijua kwamba huko Rangwe miguu imetiwa kwenye karai la maji moto na kuna mtu anaikanda vidole. Alimfuta Wesley jasho, akamlisha uji wake wote, akamgeuza akatazama ukuta. Kisha akaenda kumwomba mama mkwe chumvi.