Maneno Chini ya Picha ya Waiyego

Waiyego alikuwa na miaka kumi na sita, yuko Form Three, na katika kwaya ya vijana ya kanisa lao pale Munyaka yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Emmanuel, kijana wa miaka ishirini na mbili, alipiga kinanda. Jumamosi moja ya Agosti, baada ya mazoezi, Emmanuel alimwambia apitie kwao achukue flash yenye nyimbo mpya. Wazazi wa Emmanuel walikuwa wameenda shambani Kaptagat. Waiyego alipoingia sebuleni, mlango ukafungwa kwa ufunguo nyuma yake. Alimwambia hataki. Alilia, akamwomba. Emmanuel akamnajisi.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mama yake, Wahu, alikuwa mbele ya duka lake akinyunyizia sukuma wiki maji. Msichana akamvuta ndani, akamweleza kwa sauti ya chini. Neno la kwanza lililomtoka Wahu lilikuwa hili:

"Na wewe ulienda kufanya nini kwa nyumba ya kijana?"

Waiyego alikuwa ameanza kuvua sweta. Akaivaa tena, akafunga vifungo vyote. Wahu akauona uso wa mtoto wake ukijifunga vilevile, akajua amekosea. Alimkumbatia, akafunga duka, wakaenda hospitali, na kutoka hapo wakaenda polisi. Emmanuel alikamatwa Jumatatu, akapelekwa kortini. Kabla wiki haijaisha alikuwa nje kwa dhamana.

Ndipo picha ikatokea kwenye kikundi cha Facebook cha mtaa. Ilikuwa ya Waiyego kwenye harusi ya binamu yake, amevaa gauni jekundu, anacheka. Juu yake mtu aliyeficha jina alikuwa ameandika: "Huyu ndiye anataka kufungisha kijana wa watu. Muangalieni vizuri."

Watu wakamwangalia. Mmoja aliuliza gauni kama hilo linatafuta nini. Mwingine akasema wasichana wa siku hizi wakiachwa wanakimbilia polisi. Wengi hawakuandika neno, waliweka tu emoji za kucheka. Picha ikaingia WhatsApp, ikafika shuleni. Siku shule zilipofunguliwa, Waiyego aliingia darasani, na mtu mmoja nyuma akaanza kuchezesha vidole juu ya dawati kama anayepiga kinanda. Darasa zima likacheka. Alirudi nyumbani kabla ya break, na hakukanyaga pale tena.

Alishinda kitandani na simu. Wahu alipomnyang'anya, hakubishana.

"Hata ukiichukua, Mum, nimeyashika yote kwa kichwa."

Akageukia ukutani, akayataja maneno yale moja moja, na jina la kila aliyeandika. Moja lilikuwa la Edinah, jirani yao, mwimbaji wa kwaya ya akina mama: "Nilimwona vile alikuwa akimchekea kijana kwa mazoezi. Asilaumu mtu."

Asubuhi Wahu alimkuta Edinah uani akichambua maharagwe.

"Karibu, Mama Waiyego. Msichana anaendeleaje?"

Wahu hakukaa. Alimpa simu, ikiwa imefunguliwa pale penye maneno yake.

"Nisomee hapa."

Edinah alitazama, mikono ikatulia. "Mama Waiyego, mimi niliandika tu. Watu wote walikuwa wanaandika."

"Najua. Nisomee kwa sauti, vile ulivyoandika."

"Nilimwona vile…" Edinah akaanza, akashindwa. Aliweka simu juu ya ungo. "Nitayafuta. Leo hii nitayafuta."

"Futa. Lakini yeye ameshayakariri." Wahu aliichukua simu akaipangusa kwa leso. "Na mimi, Edinah, nilimuuliza swali baya kuliko maneno yako, siku ile ile alipoumizwa. Mimi sina pa kufuta."

Edinah alifuta maneno yake. Ya wengine yalibaki. Kamati ya kwaya ilimtumia Waiyego ujumbe kwamba apumzike hadi kesi iishe. Emmanuel hakuambiwa apumzike. Mwezi wa Januari Wahu akampeleka msichana kwa shangazi yake Cheptiret, akaandikishwa shule nyingine kwa jina la Naomi, lile la ubatizo.

Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Waiyego alitoa ushahidi mwezi wa Machi. Hukumu ilitolewa Julai: miaka kumi na mitano. Waiyego alikuwa amekataa kuja kusikiliza. Wahu alitoka nje ya korti, akasimama kando ya ukuta, akampigia.

"Amefungwa," alimwambia.

"Sawa, Mum."

"Unasikiaje, mama yangu?"

"Sijui. Nilidhani nitasikia kitu." Kulikuwa na mlio wa sufuria. "Wacha niangalie uji, usifurike."

Wahu alibaki ameishika simu. Upande wa pili wa uwanja wa korti, mama yake Emmanuel alikuwa ameketi chini kwenye nyasi, wanawake wa kanisa wamemzunguka, mmoja amemshika mabega. Hakuna aliyemwangalia Wahu. Alingoja kidogo, kisha akapita katikati ya uwanja peke yake, akatoka nje ya geti.