Kaburi Lisilojengewa

Asubuhi ya mkutano wa maoni, Placida alikuwa jikoni akichambua kahawa ya kutafuna, na mumewe Nolasco alikuwa ameketi kwenye gogo la mlangoni akijipangusa udongo shingoni. Nolasco alikuwa marehemu wa miaka kadhaa. Alizikwa kwenye kibanja nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na hutoka pale anapokuwa na sababu. Mara nyingi sababu yenyewe ilikuwa mgomba uliohitaji kuwekewa nguzo. Placida hakupenda alivyochafua sakafu, lakini mume ni mume.

Siku hiyo Nolasco alitoka na jambo zito. Wataalamu walikuwa wanakuja Nyakatuntu kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu rasimu ya kanuni mpya za kuchoronga miamba kutafuta madini na jotoardhi. Kanuni ya zamani ilikataza mtambo kusogelea kaburi. Rasimu nayo ilikataza, ila ilieleza kaburi ni nini: ni lile lililojengewa kwa saruji au mawe. Kijijini kwao makaburi ya namna hiyo yalikuwa la katekista na la mwenye duka. Wengine wote walilala chini ya tuta la udongo lililopandwa mulamula, mmea ambao ndio alama ya kaburi tangu enzi za mababu.

"Waambie kaburi ni aliyemo, si kilichojengwa juu yake," alisema Nolasco. "Usiongeze neno."

Placida alimwambia amesikia. Akaimimina kahawa kwenye kikapu kidogo, akajifunga khanga, wakaondoka wote wawili.

Mkutano ulifanyika uwanja wa ofisi ya kijiji. Walio hai walikaa mbele kwenye viti vilivyoazimwa kigangoni, na marehemu walikaa nyuma kwenye nyasi, wamejifunika vitambaa vya magome ya mti walivyozikwa navyo. Walikuwa wengi, kwa sababu habari za chini ya ardhi husafiri upesi. Mwenyekiti wa kijiji, Elpidius, aliwaomba wasogeleane kidogo ili waliochelewa wapate nafasi.

Mtaalamu aliyeongoza aliitwa Noela, binti mzaliwa wa Muleba, mwenye adabu zake. Aliwaamkia wazee shikamoo, wa mbele na wa nyuma. Kisha akaeleza kwamba anatambua uwepo wa marehemu, ila mwongozo unamtaja mdau kuwa ni mkazi aliye hai. Kwa hiyo marehemu watasikiliza, na mwenye neno atasemewa na ndugu yake. Marehemu hawakubisha. Kila msemaji alipewa muda mfupi, na dereva wao, Dastan, alishika filimbi ya kuumaliza.

Sasa, kwa watu wa huku jambo zito haliwekwi mbele ya mgeni hivi hivi. Kwanza unamsalimu, unamuuliza safari, unamshukuru kwa kuja, unampa kahawa atafune. Akishatafuna na kusema ni nzuri, hapo ndipo jambo hufunguliwa. Anayeanza na jambo huonekana hakulelewa. Mzee Cleophace alisimama akashukuru, filimbi ikalia. Eustadia alisimama akashukuru, akauliza mvua za Muleba zikoje, filimbi ikalia. Placida aliyaona yote hayo na akajiambia yeye ataanza na lile la Nolasco.

Aliposimama, ulimi ulikwenda njia uliyoizoea.

"Poleni na safari, wanangu," alisema. "Barabara yetu ni mbaya, nanyi hamkuichoka. Tunashukuru kwa kutukumbuka."

Nyuma, Nolasco aliinua mkono akautikisa. Placida alimwona. Hata hivyo mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshafika kwenye kikapu, na kikapu kilikuwa kimeshafika kwa mgeni. Noela alichukua kahawa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa kwao, akatafuna bila haraka, akasema, "Ni nzuri, mama." Ndilo neno lililokuwa linasubiriwa. Placida akafungua kinywa, na Dastan akapuliza filimbi.

Mwisho wa mkutano Noela alisoma muhtasari: wananchi wote waliozungumza wameipongeza rasimu. Watu walipiga makofi, maana mgeni akimaliza kusema hupigiwa makofi. Placida alimfuata hadi kwenye gari.

"Mwanangu, wewe ni wa Muleba," alimwambia. "Unajua shukrani ni mlango tu. Sisi ndani hatujaingia."

Noela alikuwa bado anatafuna. Aliangalia chini.

"Najua, mama," alisema. "Ila naandika kilichosemwa."

Kisha akaomba kahawa kidogo ya njiani, na Placida akampa yote iliyobaki.

Wanasema majuto ni mjukuu. Placida wajukuu alikuwa nao wa kutosha, huyu hakumhitaji, lakini alikuja naye nyumbani siku ile na hajaondoka tena.

Kanuni zilitangazwa redioni kahawa ilipokwisha kuvunwa, na kaburi lilibaki kuwa lile lililojengewa. Mtambo ulipanda kilima hadi kwenye kibanja cha Placida, na vijana walioufuata walikuwa wastaarabu. Walimwamkia Placida, wakang'oa mulamula wa Nolasco kwa uangalifu, wakaulaza kando ya ukuta wa jiko. Kabla hawajawasha mashine, Nolasco alitoka tutani na kitambaa chake cha gome begani. Akawashukuru kwa kumsubiri, akaingia ndani ya nyumba.

Shida ilikuwa usingizi, kwa kuwa marehemu halali bila udongo. Kila jioni Placida alichota ndoo ya udongo kwenye lundo lililotolewa shimoni na mtambo, akamfunika hadi kidevuni, na kila asubuhi akafagia. Alijaribu udongo wa kwa jirani, ukamwasha mumewe. Ndipo msimamizi wa mtambo, Rwezaura, alipomfuata na kumweleza kwa upole kwamba kinachotoka shimoni ni sampuli, na kwa kanuni hizi sampuli ni mali ya mwenye leseni. Akamshauri avute subira, kanuni zitakapopitiwa upya wananchi wataombwa maoni. Placida alimshukuru, akamkaribisha kahawa.

Siku hizi humfunika kwa blanketi. Ni zito, lakini si udongo, na Nolasco hukesha macho wazi akisikiliza mashine huko nyuma. Hajawahi kumlaumu. Jioni zote humuuliza, kama mtu anayeuliza kama mbuzi wameshafungwa:

"Mama Mwesiga, lile neno langu uliwaambia?"

"Nilianza," hujibu Placida, na kumvutia blanketi hadi kidevuni.