Makochi ya Siku ya Wageni

Tangu makochi yaingie ndani, viazi vililala nje. Kila jioni Mwanaheri alivifunika turubai, na kila asubuhi ukungu wa Shume ulikuwa umeshapenya. Akawa anakaa kibarazani juu ya kigoda na kuvichambua: vilivyooza huku, vya mbegu kule, vya kuuza kwenye kiroba. Sebule yote ilikuwa ya makochi, lile la watatu na lile la wawili, rangi ya damu ya mzee, yamevishwa vitambaa vya kufuma. Ilikuwa wiki ya tatu sasa, na hakuna aliyeyakalia isipokuwa wageni wawili wa Mfuko, na wao hawakumaliza saa nzima.

"Mama," Sabra alisema akitoka na simu mkononi, "nimempigia tena yule dada wa Mfuko."

"Anasemaje?"

"Jibu ni lile lile. Anasema labda tupeleke barua ya mtendaji wa kijiji, itaje makochi ni ya nani, na mwenyewe asaini na namba ya kitambulisho. Ifike Lushoto leo kabla ya saa kumi. Wakifunga, nafasi anapewa mwingine."

Nafasi yenyewe ilikuwa ya chuo cha uuguzi. Mfuko wa Nuru ya Milimani ulisomesha watoto wa wajane na mafukara, na kwa alama zake Sabra alikuwa wa pili kwenye orodha, mpaka walipokuja kukagua nyumba. Barua ya kumkataa Mwanaheri aliisoma mwenyewe mara nne, kwa kidole, maana darasa la saba alimaliza. Makochi, seti moja. Zulia, moja. Chupa za chai, mbili. Chakula, wali na kuku. Halafu chini: kaya haikidhi vigezo vya uhitaji. Kila neno alilielewa. Yalipokaa pamoja ndipo yalipompotea.

Mgeni ametoka mbali kwa ajili ya mtoto wako, utamkalisha kwenye kigoda chenye tope la viazi? Hata siku ya msiba wa marehemu Idd, mumewe, mikeka iliazimwa nyumba sita, na hakuna aliyesema Idd alikuwa na mikeka mingi. Zulia lilikuwa la akina mama wa maulidi. Chupa zilikuwa za majirani. Makochi yalikuwa ya Bibi Mwajuma wa nyumba ya juu, na kuku alikuwa wa mwisho bandani. Wali ulipotengwa, yule mgeni wa kike alisema, "Jamani mama, umetukirimu," akaandika. Mwanaheri alidhani anaandika shukrani.

Akapangusa mikono kwenye kanga. "Twende kwa Bibi Mwajuma. Ni saini tu."

Walimkuta anapukuchua maharage, wajukuu wake watatu wamemzunguka.

"Onga maundo," Mwanaheri aliamkia kwa Kishambaa.

"Tiwedi."

"Shikamoo bibi," Sabra alisema, goti likigusa chini.

"Marahaba, nesi wangu."

Mwanaheri akaeleza, bila haraka. Alipofika kwenye kitambulisho, mikono ya Bibi Mwajuma ilisimama juu ya ungo.

"Hilo siwezi, Mama Sabra."

"Huwezi vipi, dada? Makochi si yako? Si mwanao Faraji aliyekuletea kutoka Tanga, lori likakwama pale konani, kijiji kizima tukatoka kusukuma?"

"Ni yangu. Kusaini ndiko siwezi." Akawatuma wajukuu kuteka maji, akangoja wapotee nyuma ya migomba. "Uliniomba ya siku gani?"

"Alhamisi."

"Na nilikuletea lini?"

Mwanaheri akafikiri. "Jumatatu."

"Jumanne walipita watu wa ruzuku ya kaya maskini, wanahakiki majina. Wakanikuta kwenye mkeka. Jina langu likabaki daftarini."

Jogoo wa mtu aliwika huko bondeni.

"Nikadhani ni wema," Mwanaheri alisema.

"Ulikuwa wema pia. Vyote viwili vilikuwamo." Bibi Mwajuma alirudi kwenye maharage. "Faraji mwaka wa pili huu haleti hata salamu. Hawa watatu wanakula ile ruzuku. Makochi hayaliwi."

Mwanaheri alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani kama anavyopanga viazi. Makochi yale yale, wiki ile ile: yalipotoka huku yalimwacha mmoja maskini, yalipoingia kule yakamfanya mwingine tajiri. Na baina yao wawili hakuna aliyezidi wala kupungua punje. Alitafuta palipooza, asipaone. Mkeka ulikuwa wa Mwajuma kweli. Makochi yalikuwa ya Mwajuma kweli.

"Twende wote kwa mtendaji," Bibi Mwajuma alisema hatimaye. "Yule anayajua."

Ofisi ya kijiji ilikuwa na watu wa kutosha, wote wamesimama. Benchi lilivunjika tangu masika, na barazani hapakuwa na kitu kingine. Jua lilikuwa la adhuhuri zamu yao ilipofika. Mtendaji, Khalfani, alikuwa kijana wa Tanga mjini.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

Aliisoma barua ya Mfuko, akachukua kalamu. "Sawa. Makochi ni ya nani?"

Jina lilikuwa mdomoni mwa Mwanaheri. Kulitamka tu, Sabra angevaa gauni jeupe. Bibi Mwajuma alikuwa anatazama pindo la kanga yake, hakuomba chochote. Mwanaheri akawaona wale watoto watatu wakishuka na madumu.

"Si yangu," alisema. "Wallahi si yangu."

"Sikuuliza yasiyo yako, mama."

"Baba, lakini unayajua. Siku ile ya harusi hapa kijijini ulilikalia lile la watatu tangu adhuhuri mpaka maghribi, na sahani mbili za pilau."

"Tatu," mtu alisema huko nyuma, watu wakacheka.

Khalfani hakucheka. "Mimi kama Khalfani nayajua. Kama mtendaji siyajui mpaka mtu asaini."

"Basi kaka, andika kwetu hakuna makochi," Sabra alisema.

"Jana nimepita mlango uko wazi, nimeyaona. Naandika ninachokiona, mdogo wangu. Nikiandika uongo, kazi sina."

Mwanaheri akauliza polepole, "Yakiwa hayapo?"

"Yakiwa hayapo nitaandika hayapo, na muhuri juu yake. Nakuja saa nane."

Njiani Sabra alisema hajui kama Mfuko watakubali barua ya namna hiyo. Mwanaheri naye hakujua. Bibi Mwajuma alijua moja tu: kwake yasirudi, maana wahakiki wangepita tena mwezi huo.

"Yaende wapi basi?" Sabra aliuliza.

Mwanaheri aliharakisha hatua mpaka nyumbani. Alitawadha, akaswali adhuhuri kwenye kipande cha sakafu kilichobaki kati ya makochi na mlango, akakaa kidogo juu ya mswala. Kisha akawaeleza.

Bibi Mwajuma alicheka mpaka akajishika ubavu, halafu akaacha kucheka, akavua vitambaa kimoja kimoja na kuvikunja. "Hivi nimefuma kwa mkono wangu," alisema. "Na havimo kwenye fomu yao."

Wapakiaji wanne wa viazi walitoka barabarani wakayabeba mabegani, njia ya chini.

"Mama Sabra, unahama?" mmoja aliuliza.

"Tunahamisha utajiri," Bibi Mwajuma akajibu. "Angalieni msiudondoshe."

Saa nane Khalfani alikuta viroba vya viazi sebuleni na vigoda viwili. Alizunguka chumba, akachungulia hadi uani. Akakalia kigoda, akaandika gotini kwamba leo amekagua na makochi hayapo, akatoa muhuri kwenye mkoba, akaupumulia, akagonga. Sabra aliipokea kwa mikono miwili. Pikipiki ilikuwa inanguruma tayari, na kutoka pale hadi Lushoto ni kona juu ya kona. Mwanaheri aliisikia mpaka ilipomezwa na msitu.

Wakamsindikiza mtendaji kurudi. Kutoka mbali waliona baraza la ofisi limejaa. Kwenye lile la wawili mzee mmoja alikuwa ameegemea, bakora katikati ya magoti. Kwenye lile la watatu mama alikuwa ananyonyesha, na pembeni yake wengine wawili wanangoja zamu.

Khalfani alisimama. Alitazama makochi, akawatazama kina mama, akatazama mlango wa ofisi yake kama mtu aliyepotea.

"Mkaguzi wa wilaya anakuja wiki ijayo," alisema. "Ataniuliza haya ni ya nani."

"Utamjibu, baba," Mwanaheri alisema.

"Nimjibu nini?"

Mwanaheri alifikiri kweli, maana kijana aliuliza kwa adabu.

"Mimi nimemaliza siku nzima nikilitafuta jibu hilo," alisema. "Ukilipata, uniletee. Na ukija, nitakupikia chai. Utakalia kigoda."