Swichi Mbili Kwenye Kopo la Kahawa

Shemeji yangu Orrin alikuwa hospitali, nami nilikuwa gerejini kwake na bisibisi mkononi, nikificha kosa langu. Msumeno wake wa meza ulikuwa kimya katikati ya vumbi la mbao. Ngazi aliyoanguka nayo bado ilikuwa imelala sakafuni. Dada yangu Marlys alikuwa amenipigia simu akiwa ndani ya gari la wagonjwa: "Verle, nenda kaangalie umeme wa gereji. Mimi hata kuufungua ule mlango naogopa." Nikaenda, ila kwanza nilipitia dukani.

Nilichonunua siku ile ndicho nilichopaswa kununua tangu mwezi wa tisa.

Mwezi wa tisa Orrin alistaafu posta, baada ya miaka thelathini na moja ya kupeleka barua kwenye theluji. Akajizawadia msumeno ule, wa volti mia mbili na arobaini, na soketi za kawaida kwetu hutoa nusu ya hizo. Fundi mwenye leseni alimwambia asubiri kibali cha kaunti, na mkaguzi aje baadaye. Orrin hakuwa na subira hiyo. Akaniita mimi, niliyezeekea kwenye umeme wa kiwanda.

"Shemeji, usije ukaniunguzia nyumba," alinitania akinishikia tochi. "Dada yako atarudi kulala kwako."

"Basi nitafunga kwa uangalifu. Yule anakoroma."

Tulicheka. Nilikuwa fundi mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mashine kama ile hulishwa na nyaya mbili zenye moto, na kila waya una swichi yake kwenye boksi la umeme. Swichi hizo lazima ziwe pacha, zimeungana vichwa, ili ukizima moja, na ya pili izime. Mimi sikuwa na pacha. Nilikuwa na mbili za kawaida kwenye kopo la kahawa, na duka lilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Nikazipachika hivyo hivyo, kila moja kivyake. Nilijiambia nitarudi Jumatatu kuzibadilisha, lakini Jumatatu hiyo nilienda kuvua samaki.

Mwezi wa kumi na mbili Orrin alitaka kuipandisha soketi juu kidogo. Alizima swichi moja. Akaujaribu msumeno, ukawa kimya, maana hauwezi kuzunguka kwa waya mmoja. Akapanda ngazi, akaifungua soketi, akashika waya wa pili. Umeme ulimbabua vidole na kumtupa chini, na bega likavunjika.

Alipona. Wiki ya kwanza nyumbani, mkono ukiwa umefungwa shingoni, aliniomba nimpeleke kwenye boksi. Aliitazama ile swichi pacha niliyoifunga, akaigusa.

"Nilizima moja, Verle. Nakumbuka kabisa, moja."

"Zimeungana, shemeji. Ukizima moja, zote zinazima."

"Kwa hiyo sikuzima?"

Hapo ndipo nilipopewa nafasi ya kusema kweli, na niliiona waziwazi kama mlango ulioachwa wazi. Nikasema, "Huenda ulisahau."

Mama yake Orrin alikufa akiwaita watoto wake kwa majina ya ng'ombe. Nililijua hilo. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake.

Tangu siku ile alianza kujichunga kama mgonjwa. Alibandika vikaratasi kwenye friji: zima jiko, funga mlango, leo ni Alhamisi. Aliuuza msumeno. Mwaka uliofuata alimkabidhi Marlys funguo za gari, akisema mtu asiyejua alichozima hafai kushika usukani. Yeye aliyejua kila nyumba na kila mbwa wa wilaya nzima, akawa anakaa dirishani akisubiri akili imtoke. Nami nilikwenda kila Jumapili, nikala viazi vyao, nikamtazama akisubiri. Niliona aibu kila mara, na kila mara niliimeza pamoja na chakula.

Zile swichi za zamani sikuwahi kuzitupa. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, barafu ikidondoka paani, niliingia na kopo la kahawa, nikazimwaga mezani mbele yake.

"Hizi ndizo zilizokuwa kwenye boksi siku ile," nilisema. "Hazikuwa zimeungana. Nilizibadilisha ukiwa hospitali, nikakudanganya. Ulizima, Orrin. Akili yako haina tatizo."

Marlys aliacha kumenya viazi.

Orrin alizipanga swichi bega kwa bega. Akasukuma kichwa cha moja kwa kidole chenye kovu, ikalia. Ya pili haikutikisika.

"Moja," alisema.

Akaiwasha, akaizima tena. "Moja."

Nilingoja anitukane, na nilitamani sana afanye hivyo. Hakuniangalia hata kidogo. Alimgeukia mkewe, akanyoosha mkono.

"Marlys. Nipe funguo za gari."

Dada yangu alizitoa kwenye droo. Tulisikia gari likiwaka, likirudi nyuma taratibu, likishika barabara. Kisha Marlys akajimiminia kahawa kikombe kimoja, chake tu, akalirudisha birika jikoni.